Joto la Ghuba si Joto la Pwani

Huku Unguja masika yamekwisha. Upepo wa kusi umeshika, alfajiri ina kibaridi cha kipupwe, na mashuka mazito yaliyokunjwa tangu mwaka jana yametolewa kabatini. Ukivuka bahari kwenda kaskazini, Muscat, Dubai, Doha, Dammam, Kuwait, mambo ni kinyume. Kule mwezi Juni ndio mlango wa kiangazi, na mlango huo hufunguka kwa kishindo.

Nataka tuzungumze habari ya wiki hizi za mwanzo wa kiangazi cha Oman na Ghuba, kwa sababu watu wetu wengi wako huko. Wako Waomani wanaozungumza Kiswahili ambao nusu ya ukoo wao iko hapa. Wako vijana wa Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi waliokwenda kutafuta riziki: kwenye majumba ya watu, kwenye saiti za ujenzi, kwenye maghala, kwenye malindo ya usiku, na barabarani juu ya pikipiki za kupeleka vyakula. Mambo mawili huwakuta kwa pamoja katika wiki hizi: vimbunga vya Bahari ya Arabia, na joto linalopanda siku hadi siku. Kimbunga kila mtu anakiogopa. Joto tunalidharau, na sisi watu wa pwani tunalidharau kuliko wengine wote, kwa kuwa tumezaliwa nalo. Hapo kwenye dharau hiyo ndipo ninapotaka tukae leo, lakini lazima nianze na anga yenyewe.

Jua lilikuwa kusini yetu mwezi Desemba. Likarudi, likatupita utosini, likaendelea na safari yake. Tarehe 21 Juni linafika mwisho wa safari hiyo kwenye Tropiki ya Kansa, na mstari huo unapita karibu kabisa na Muscat. Adhuhuri ya siku zile mtu akisimama uwanjani, kivuli chake kinaishia chini ya miguu yake. Ardhi ya jangwa kubwa la Rub al-Khali inakaangika, hewa juu yake inapanda, mgandamizo wa hewa unashuka, na hewa ya baharini inavutwa kwenda kujaza nafasi.

Hewa hiyo inatoka kwetu. Kusi hii inayotikisa minazi ya Makunduchi na Lamu inapanda na pwani ya Kenya, inabanwa na nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, inavuka Ikweta, inaongeza kasi mbele ya Somalia, kisha inakata Bahari ya Arabia kuelekea India. Mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater aliueleza mkondo huo katika miaka ya 1960 kwa kutumia vipimo vya upepo vilivyochukuliwa Kenya, na wataalamu wengi huutaja kwa jina lake mpaka leo. Manahodha wa majahazi waliujua zamani kwa miili yao. Waliokuwa na akili waling'oa nanga Unguja kusi ikiwa bado changa, au walingoja mpaka ipungue nguvu. Katikati ya Juni na Julai hakuna aliyetaka kuwa karibu na kisiwa cha Sokotra.

Pembeni mwa mkondo huo uko mji wa Salalah, katika jimbo la Dhofar, na huko kusi inafanya jambo la ajabu. Upepo unayasukuma maji ya juu ya bahari mbali na ufuo, maji baridi ya chini yanapanda kuchukua nafasi yake, na hewa inayopita juu yake inapoa mpaka inageuka ukungu. Ukungu unaganda kwenye milima inayotazama bahari. Kuanzia kama tarehe 21 Juni hadi 21 Septemba, wakati Muscat inaungua, Salalah ina manyunyu, majani mabichi na nyuzi joto ishirini na kitu. Waomani wanauita msimu huo kharifu, na magari hujaa barabarani kwenda kuufuata. Kando ya barabara za Salalah kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai, na mtu wa Pemba akishuka pale anaweza kudhani amekosea ndege.

Hiyo ndiyo sehemu tamu ya habari. Sasa tuje kwenye ngumu.

Kabla mkondo wa kusi haujakomaa kule juu, kuna nafasi ya wiki chache, takriban Mei mpaka katikati ya Juni. Bahari ya Arabia imekwisha kupata moto, maji ya juu yamefika nyuzi 30, na upepo wa juu angani haujatofautiana sana na wa chini. Hapo kimbunga kinaweza kujijenga. Kusi ikishakomaa, upepo wa chini unakwenda mashariki kwa nguvu na wa juu unakwenda magharibi, na wingu lolote linalotaka kusimama wima linakatwa kichwa. Ndiyo maana Julai na Agosti bahari ile ina mawimbi makubwa lakini vimbunga ni nadra, navyo vinarudi tena Oktoba na Novemba.

Watu wa Muscat waliofika umri wa kukumbuka hawajasahau Juni 2007. Kimbunga Gonu kilipita Ras al-Hadd kikaingia Ghuba ya Oman. Mvua ilizidi milimita 600 mahali pengine, wadi, yaani mabonde ya mito ya msimu, zilizokuwa kavu zikashuka na magari na miti, na watu wapatao 50 walipoteza maisha nchini Oman. Ninataka msikilizaji ashike jambo moja katika habari ya Gonu ambalo huwa halisemwi sana. Mji kama Muscat unakunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi mitamboni, na unalala kwa kiyoyozi. Kimbunga kilisimamisha mitambo ya maji na kukata umeme. Mvua ilipokatika, jua la Juni lilirudi palepale, na watu wakabaki ndani ya nyumba zenye joto wakitafuta maji ya kunywa. Dhoruba ya mwanzo wa kiangazi ina tabia hiyo: inapita, na nyuma yake inaacha joto bila kinga.

Miaka mitatu baadaye, Juni 2010, kikaja Phet. Tarehe 25 Mei 2018 Mekunu ikapiga karibu na Salalah na kumwaga ndani ya siku chache mvua iliyozidi ya mwaka mzima. Msikilizaji wa Kitui au Samburu atauliza hiyo inamhusu nini. Inamhusu sana. Maji ya Mekunu yalifanya maziwa katikati ya Rub al-Khali, mahali ambapo hakuna mtu wa kuona. Nzige wa jangwani wakataga. Oktoba mwaka huo huo kimbunga Luban kikaongeza maji mengine, na wakazaliana vizazi vitatu mfululizo bila kudhibitiwa. Makundi yakatoka kwenda Yemen, yakavuka bahari hadi Pembe ya Afrika, na mwisho wa Desemba 2019 yakaingia Kenya, uvamizi ambao nchi hiyo haikuwa imeuona kwa miaka 70. Februari 2020 yalikuwa Karamoja, Uganda. Mahindi na malisho yaliyoliwa yalianza kupotea siku mvua ile ilipoanguka Arabuni. Kwa hiyo tukisikia tahadhari ya kimbunga cha Mei upande ule, tusiizime redio kwa kudhani ni habari ya wengine.

Si lazima kiwe kimbunga chenye jina. Mwanzoni mwa kiangazi, milima ya Hajar nyuma ya Muscat na Nizwa huanza kupika mawingu yake yenyewe. Asubuhi anga ni safi. Saa nane mchana wingu limesimama juu ya kilele, saa kumi kuna radi na mvua ya mawe, na mtu aliye bondeni, kilomita nyingi mbali, anaona jua tu. Kisha maji yanamfikia. Mlima ni mwamba mtupu, hauna udongo wa kunywa maji, kwa hiyo kila tone linashuka. Aprili 2024 mafuriko ya ghafla yaliua watu Oman, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa kwenye gari moja huko Samad al-Shan. Siku mbili baadaye, tarehe 16, mvua ikahamia Falme za Kiarabu, na kituo cha Khatm al-Shakla karibu na Al Ain kikapima milimita 254 katika muda usiofika siku nzima, kiasi ambacho nchi hiyo haikuwa imekipima tangu ianze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Madereva wetu mlioko huko, maji yakiwa yanapita juu ya barabara, simameni. Maji yanayofika magotini yana nguvu ya kulibeba gari dogo. Mzigo utachelewa, bosi atafoka, na maji yatapungua baada ya saa chache.

Lakini kwa upande wa dhoruba lazima niseme haki: serikali za kule zimejifunza. Baada ya Gonu, Oman imejenga mfumo wa tahadhari unaofanya kazi. Ujumbe unaingia kwenye simu, shule zinafungwa, ofisi zinafungwa, polisi wanafunga barabara za wadi. Mtu hawezi kusema hakuambiwa.

Joto ndilo lisilofunga ofisi.

Mpigie simu binti yako aliye Muscat mwezi Juni. Mazungumzo yanakwenda hivi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo? Huko hali ya hewa vipi?" "Joto tu, mama, tumeshazoea." Kisha mnaingia kwenye habari ya ada ya mdogo wake na bati la nyumba. Neno hilo, tumeshazoea, nimelisikia kwa watu wengi mno, na kila mara ninataka kuuliza: umezoea lini, na umezoea nini?

Tulinganishe. Unguja na Mombasa, katika mwezi wa joto kali kabisa, Februari au Machi, mchana hufika nyuzi 33, usiku hushuka hadi 25, na upepo wa bahari haukosekani. Muscat mwezi Juni, mchana wa kawaida ni nyuzi 40, usiku 30 au zaidi. Ndani ya jangwa, kwenye visima vya mafuta vya Fahud, vipimo hukaribia 50. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa pwani wa Quriyat, kusini ya Muscat, kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 42.6. Nisikilizwe vizuri: hiyo ilikuwa saa ya baridi kuliko zote katika siku ile, na haijajulikana duniani siku ambayo saa yake ya baridi ilikuwa na moto zaidi ya hapo. Pwani ya Oman ina upepo wa kiangazi ambao wenyeji huuita gharbi, upepo mkavu wa jangwani unaoshuka kutoka milimani. Hewa inaposhuka mita 100 inaongezeka joto kama nyuzi 1, na milima ya Hajar inafika karibu mita 3,000. Hesabu hiyo kila mtu anaweza kuimaliza mwenyewe.

Kwenye Ghuba yenyewe, kuanzia Dammam na Bahrain hadi Doha na Dubai, shida ni unyevunyevu. Bahari ile ni ndogo, haina kina, na maji yake ya kiangazi yana joto la maji ya kuogea. Mwili wa binadamu hupoa kwa jasho kukauka. Hewa ikishiba maji, jasho halikauki, linatiririka tu, na mtu anapoteza maji na chumvi bila kupata nafuu yoyote. Kipimo cha nyuzi 42 kwenye hewa kavu na nyuzi 36 kwenye hewa iliyoshiba mvuke vinaweza kumwangusha mtu mmoja sawasawa. Ndiyo maana msiangalie namba ya joto peke yake kwenye simu zenu; angalieni na asilimia ya unyevunyevu iliyo chini yake.

Nirudi kwenye mazoea. Mwili kweli huzoea joto, hilo si uongo. Unajifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi, unajifunza kubakiza chumvi, moyo unapunguza mbio. Lakini kujifunza huko kunachukua wiki moja hadi mbili za kufanya kazi kwenye joto lenyewe, kidogo kidogo, na kunamhusu aliye kwenye joto hilo sasa. Kuzaliwa Tanga hakumsaidii mtu Dammam. Na mazoea yanatoka haraka kama yalivyoingia. Mfanyakazi aliyekuwa Doha miaka sita, akarudi nyumbani likizo ya mwezi mmoja au miwili, akala sikukuu kwenye kipupwe cha Pemba au baridi ya Nairobi, akipanda ndege kurudi Juni, mwili wake ni wa mgeni. Yeye hajui. Fomeni wake hajui. Anapewa zamu ya kawaida siku ya pili, kwa kuwa ni mtu wa zamani.

Wanaochunguza vifo vya kazini vinavyotokana na joto wameona kitu kilekile mara kwa mara: wengi wanaokufa wako katika siku zao chache za kwanza kazini, au za kwanza baada ya kurudi. Wataalamu wa afya ya kazi wana kanuni ambayo ningependa kila ajenti anayepeleka watu aiweke ukutani. Mgeni, siku ya kwanza, afanye kazi kwenye joto sehemu moja ya tano tu ya muda wa kawaida. Aongezewe sehemu moja ya tano kila siku inayofuata. Wiki ya kwanza inakwisha, mtu amepona. Kanuni hiyo haina gharama ya kutisha. Gharama yake ni saa kadhaa za mtu mmoja.

Badala yake watu wetu wanapelekwa kwa ratiba ya viza. Mikataba inatoka, tiketi inakatwa, na mtu anashuka uwanja wa ndege saa tisa usiku mwezi Juni, anashangaa kwamba upepo unaompiga mlangoni ni wa moto wakati jua halijachomoza. Mashirika yanayopeleka wafanyakazi yanawafundisha wasichana namna ya kutumia mashine ya kufulia na kupika wali wa Kiarabu. Ni sawa. Saa moja ya kuwafundisha habari ya joto haimo, na mimi nasema kutokuwemo kwake ni kosa.

Zipo sheria za mapumziko ya adhuhuri, na ni jambo jema. Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Saudi Arabia ni saa sita hadi saa tisa, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Qatar, tangu 2021, inaanza mapema zaidi, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, kuanzia 1 Juni. Mfanyakazi wa saiti azijue saa hizi kwa moyo, kwa sababu ni haki yake na si hisani ya msimamizi. Ila sheria hizo zinatazama saa, na joto halitazami saa. Katikati ya Mei, kabla tarehe ya sheria haijafika, tayari kunaweza kuwa na nyuzi 45. Saa nne asubuhi kwenye unyevunyevu wa Agosti kunaweza kuwa kubaya kuliko saa nane ya siku kavu. Qatar imeliona hilo, ikaongeza kwamba kipimo cha pamoja cha joto, unyevunyevu, jua na upepo kikipita 32.1, kazi isimame saa yoyote ile. Nchi nyingine zifuate.

Halafu yupo ambaye sheria hizo hazimfikii kabisa, naye ni dada wa kazi. Yuko ndani, watu wanasema, ndani kuna kiyoyozi. Mtazameni kwa karibu. Saa tano anapanda darini kuanika nguo, na dari ni saruji iliyopigwa jua tangu alfajiri. Saa saba yuko jikoni, sufuria mbili motoni, na jiko katika nyumba nyingi halina kiyoyozi. Alasiri anaosha gari na kumwagilia ua. Usiku chumba chake ni kile kidogo kilicho juu au kando ya stoo, na kiyoyozi chake, kama kipo, ndicho cha kuharibika na kungoja fundi wiki mbili. Usiku ndio muda ambao mwili unatakiwa kupoa. Ukikosa kupoa usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, siku ya nne mtu anaanguka jikoni na watu wanasema alikuwa na presha.

Kuna jambo dogo la nyumba za kule ambalo mgeni hufundishwa na wenyeji, nami nalitaja kwa ajili ya anayefika wiki hii. Tangi la maji liko juu ya paa. Ikifika Juni, bomba la maji baridi linatoa maji ya kuunguza mkono, maana yametoka juani. Zima hita ya bafuni. Tangi la hita liko ndani ya nyumba, kwenye kivuli, kwa hiyo maji yake yanapoa. Utaoga kwa bomba lenye alama nyekundu mpaka Oktoba. Kuoga kabla ya kulala, kulala na kanga yenye majimaji, na kuweka feni impige mtu mwenye ngozi mbichi, hayo yanashusha joto la mwili kweli. Ila feni kavu kwenye chumba kilichozidi nyuzi 40 inapuliza moto tu, usiitegemee.

Mahujaji nao wasikilize. Juni 2024, Makka, kipimo kwenye Msikiti Mtakatifu kilifika nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301 katika Hija ile, na ikaeleza kuwa wengi wao walikuwa watu wasio na vibali, waliotembea masafa marefu juani bila hema wala gari. Wengi walikuwa wazee na wenye maradhi ya kudumu. Hija inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo itazidi kusogea kwenye Mei na baadaye Aprili, na kutakuwa na nafuu kiasi. Lakini Mei ya Makka ni joto kuliko siku yoyote ya Dar es Salaam. Anayempeleka mama yake kwa njia za panya ili kuokoa fedha, ajue kwamba anamnyima hema.

Dalili zenyewe mnazijua, ila tuzipange. Misuli kukaza, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mkojo wa rangi ya chai: acha kazi, kaa kivulini, kunywa maji taratibu na mengi, pamoja na chumvi kidogo ya chakula au zile paketi wanazopewa watoto wanaoharisha. Anayefanya kazi juani asingoje kiu. Kikombe kimoja kila dakika 15 au 20. Wenye presha wanaotumia vidonge vya kukojosha, na wenye kisukari, wamwone daktari kabla ya kiangazi kukolea. Lakini mtu akianza kuzungumza ovyo, akayumba, akasahau alipo, mwili ukawa moto kama kikaango, hicho ni kiharusi cha joto, na dakika zinahesabika. Msimpe maji mdomoni kama hajitambui. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, mwekeni barafu shingoni, kwapani na kwenye nyonga, na pigieni simu gari la wagonjwa. Mpoezeni kwanza pale pale alipo, kisha ndipo asafirishwe. Wengi wamekufa kwenye kiti cha nyuma cha gari wakipelekwa hospitali bila kumwagiwa hata ndoo moja.

Ninyi mlio nyumbani mna kazi moja. Msiulize "joto vipi?" Ulizeni: chumba chako kina kiyoyozi kinachofanya kazi leo? Unapumzika saa ngapi mchana? Unakunywa maji ukiwa kazini au unakatazwa? Mkojo wako una rangi gani? Mama yeyote anaweza kumuuliza mwanawe maswali hayo, na majibu yake yanasema zaidi ya neno tumeshazoea. Na kama anarudi kazini wiki hii kutoka likizo, mwambieni amweleze msimamizi wake, bila haya, kwamba anahitaji wiki ya kuanza taratibu.

Namba za dharura ni hizi. Mwenye kalamu aandike, kisha amtumie ndugu yake. Oman ni 9999. Saudi Arabia, gari la wagonjwa, 997. Falme za Kiarabu, 998. Qatar na Bahrain, 999. Kuwait, 112. Namba hizi hupigwa bure, na mgonjwa wa joto ana haki ya kuzipiga hata kama karatasi zake za ukaazi zimekwisha muda.